Sola ya nyumbani Dar: bei nilizopewa na njia za kulipa nilizozipima

Anayetaka kufunga sola nyumbani hapa Dar aanze na meseji zake za LUKU. Ukinunua umeme wa 10,000, kodi ya jengo ikiwa imeshakatwa mwezi huo, ukapata uniti 28 hivi, ujue upo T1, kundi la matumizi ya kawaida. Uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1 inafika 356. Ukipata uniti 75 na ushee, upo D1, kundi la wenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja inakufikia kwa shilingi 122. Mtu wa D1 akimaliza uniti zake zote 75 ametumia 9,150 tu. Huyo akiambiwa na muuzaji kwamba sola itamrudishia pesa yake kupitia LUKU, anadanganywa mchana kweupe.

Mimi nipo T1. Ni mwalimu wa sekondari, tunaishi Kibada, Kigamboni. Nyumbani kuna friji, friza kubwa ya samaki ninaowauzia majirani na walimu wenzangu, pampu ya kisima, feni, televisheni na taa. Tulikuwa tunakula uniti 240 hivi kwa mwezi, yaani shilingi 85,000 na ushee. Kilichonisukuma lakini ni friza. Kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 umeme ulikuwa unakatika asubuhi unarudi usiku, na niliwahi kupoteza samaki wa zaidi ya laki mbili kwa mkupuo, changu na vibua, wengine nikawagawa bure kabla hawajaharibika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na sasa mitambo yote tisa imekamilika, megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mgao ule umeisha, nashukuru kwa dhati. Ila nguzo ikilala kwa mvua, au transfoma ya mtaa ikipata hitilafu, megawati za Rufiji hazikufikii nyumbani, na samaki hawamsubiri fundi.

Nilipoanza kuulizia bei niliwapa wauzaji wote mzigo uleule: paneli nne za wati 550, inveta ya haibridi (inayotumia sola, betri na umeme wa TANESCO kwa pamoja) ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu ya volti 48 na Ah 100 inayobeba uniti 5 hivi, na kazi yote mpaka iwake. Fanya hivyo na wewe. Ukimwambia muuzaji "nataka sola ya nyumba ya vyumba vitatu", kila mmoja atakuandikia vitu vyake na hutaweza kulinganisha chochote.

Ofa ya kwanza ilitoka kwa kampuni yenye ofisi ya kiyoyozi na vijana wa fulana za rangi moja. Wakaja kupima paa, wakaniletea karatasi nzuri: 7,400,000 ukilipa taslimu. Pia wana mpango wa kulipa kwa awamu, nao kwenye kipeperushi umeandikwa kwa herufi kubwa BILA RIBA. Kwa mpango huo bei ni 8,500,000, unatoa kianzio asilimia 40, inayobaki unalipa kwa miezi sita.

"Mwalimu, hapa hakuna riba hata senti," kijana akaniambia.

"Sasa hii milioni moja na laki moja iliyoongezeka ni ya nini, mdogo wangu?"

"Hiyo ni bei ya mpango, mwalimu."

Chukua kalamu. Asilimia 40 ya 8,500,000 ni 3,400,000. Kama ningelipa taslimu, baada ya kutoa hiyo 3,400,000 ningekuwa nadaiwa 4,000,000 tu. Kwa hiyo walichonikopesha ni milioni nne, wanataka niwarudishie 5,100,000 kwa miezi sita, laki nane na nusu kila mwezi. Nyongeza ni zaidi ya robo ya pesa niliyokopeshwa, kwa nusu mwaka! Waite watakavyo, mimi nimefundisha hesabu miaka mingi na hiyo ni riba, tena kali. Nilikasirika, na bado nakasirika nikikiona kipeperushi kile, kwa sababu najua nani anakiamini: mstaafu mwenye kiinua mgongo chake, mama mwenye saluni, watu wanaochukia riba kwa imani yao na wanaoamini kwamba hapo wameikwepa. Ukikuta mpango wowote wa awamu usio na riba, uliza bei ya taslimu ya vitu vilevile, kisha toa moja kwa nyingine.

Njia ya pili ni ile ya lipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni za aina hii tunazijua: Off Grid Electric iliyoanzia Arusha na sasa inaitwa ZOLA Electric, Mobisol ambayo ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka 2019, kisha Sun King na d.light. Unatoa kianzio, unalipia kwa M-Pesa au mtandao mwingine kwa siku, wiki au mwezi, na malipo yakichelewa mtambo unajifunga wenyewe hadi ulipie. Ofa niliyoandikiwa na wakala wa kampuni moja ilikuwa kianzio 150,000 na 1,900 kwa siku kwa miaka mitatu. Elfu moja na mia tisa inasikika kama nauli ya kwenda na kurudi mjini. Zidisha kwa siku 1,095, ongeza kianzio: 2,230,500. Kwa pesa hiyo unapata televisheni, taa kadhaa, redio, betri ndogo na paneli moja. Friza haigusi.

Lakini njia hii siidharau hata kidogo. Shangazi yangu yuko kijijini Mkuranga ambako nguzo haijafika kwake, na alichukua mtambo wa namna hii. Kabla yake alikuwa ananunua mafuta ya taa na kulipia kuchajisha simu dukani. Wajukuu wanasoma usiku, simu inachajiwa ndani, na siku betri ilipoleta shida kipindi cha marejesho, kampuni ilimpelekea nyingine bila kumtoza. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa: maadamu unaendelea kulipa, wao wana sababu ya kuhakikisha mtambo unafanya kazi. Ukilipa taslimu, sababu hiyo wamebaki nayo wachache. Kwa mtu asiye na umeme kabisa, bei ile inalipika na inastahili. Kwa mtu wa Kibada, Goba au Kinyerezi mwenye LUKU ukutani, anayetafuta cha kushika friji umeme ukikatika, hapana.

Benki sitaielezea sana. Mkopo wa mishahara niliotajiwa ulikuwa wa asilimia 17 kwa mwaka, salio linalopungua. Kwa milioni nne na miezi 24, marejesho ni 197,800 hivi kwa mwezi, jumla karibu 4,750,000, na juu yake kuna bima na ada ya kushughulikia mkopo ambavyo hukatwa kabla pesa haijaingia. Si mbaya. Kwa asiye na SACCOS ni bora mara nyingi kuliko ule mpango usio na riba.

SACCOS yetu ya kazini inatoza asilimia 1 kwa mwezi, salio linalopungua. Milioni nne kwa miezi 24 ni 188,300 kwa mwezi, na ukimaliza umelipa 4,519,000 hivi. Yaani kukopa kwangu milioni nne kwa miaka miwili kunanigharimu laki tano na elfu kumi na tisa, wakati milioni nne zilezile kwa miezi sita kwenye ile kampuni zilikuwa zinanigharimu milioni moja na laki moja. Angalia sana hayo maneno "salio linalopungua". Kuna vikundi na wakopeshaji wanaotaja asilimia moja na nusu kwa mwezi, ukasikia ni ndogo, kumbe wanaipiga kwenye deni lote la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama umebakiza laki mbili. Kwa milioni nne hiyo ni 60,000 kila mwezi kwa miezi 24, jumla 1,440,000. Uliza swali moja tu: riba ya mwezi wa kumi inapigwa kwenye nini?

Wapo watakaosema VICOBA. Ninacho changu na nakipenda, ila mkopo wake ni wa miezi michache, unafaa kumalizia pengo la paneli moja au kumlipa fundi. Usiutegemee kwa betri.

Basi nikachukua milioni nne SACCOS, nikaongeza akiba yetu, tukanunua wenyewe Kariakoo. Paneli nne kwa 290,000 kila moja, 1,160,000. Inveta 1,550,000. Betri 3,000,000. Reli za aluminiamu, waya, breka, kinga ya radi na fimbo ya ethi 480,000. Ufundi 300,000. Kirikuu ya kuvusha mzigo darajani hadi Kibada 60,000. Jumla 6,550,000. Tofauti na kampuni ya viyoyozi kwa bei yao ya taslimu ni 850,000, na sehemu ya tofauti hiyo ni halali yao, kwa sababu wao wakikufungia wanabeba lawama ya kila kitu, mimi huku nabeba mwenyewe.

Kariakoo nenda na mtu anayejua, na nenda na tepu ya kupimia. Hilo la tepu nalisema kwa uzito wote. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana wa mita 1.13, na uzito wake unakaribia kilo 28. Jua la utosi linamwaga wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza asilimia 21 au zaidi kidogo kuwa umeme. Kwa hiyo wati 550 zinahitaji eneo la mita za mraba mbili na nusu, hakuna ujanja wa kuzibana. Kwenye duka moja nilionyeshwa paneli yenye karatasi nyuma iliyoandikwa 600W, na urefu wake ulikuwa mita moja na nusu.

"Dada, hiyo orijino kabisa, imeingia na kontena la juzi."

Fundi wangu hakubishana naye. Alitandika tepu juu ya kioo, akasoma vipimo kwa sauti, akamwangalia yule kaka, akakunja tepu tukatoka. Paneli ile ingetoa wati 300 na kidogo siku ya jua kali, basi.

Betri nazo zina mizani yake. Ya jeli ya volti 12 na Ah 200 ikiwa kamili inafika kilo 55 hadi 60, kwa sababu ndani ni risasi. Nimemwona kijana wa dukani akiinyanyua ya namna hiyo kwa mkono mmoja na kuiweka kaunta. Na hata iliyo halisi, kwa Dar sishauri. Ya jeli inataka usitumie zaidi ya nusu ya chaji yake, la sivyo inakufa mapema, na joto letu linaiumiza: kila nyuzi kumi juu ya 25, maisha yake yanakatika karibu nusu. Niliandikiwa jeli kwa 700,000. Ili kupata umeme unaotumika sawa na ile lithiamu moja, ningehitaji nne, 2,800,000, halafu baada ya miaka michache nianze upya. Lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, unaitumia hadi asilimia 80 au 90 na inahesabiwa kwa maelfu ya mizunguko. Tofauti ya 200,000 hapo haina mjadala. Mtu anayekopa kwa miaka miwili kununua betri ya jeli anajiweka kwenye hatari ya kumaliza deni na betri kwa pamoja.

Dai risiti ya EFD kwa kila kitu, na namba za inveta na betri ziandikwe juu yake. Waranti ya maneno haina kazi. Duka la betri lilitaka kuniandikia risiti ya mkono ili "tusaidiane bei", nikakataa, nikaongeza kidogo nikapewa ya EFD. Betri yangu ina waranti ya miaka mitano na karatasi iko kwenye faili moja na hati ya kiwanja.

Kuhusu fundi, nilitaka mwenye leseni ya EWURA na nikaomba niione. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya wengine wawili walioniambia laki moja na nusu, ila ndiye pekee aliyeuliza tuko umbali gani kutoka baharini. Huku Kigamboni upepo una chumvi, boliti za kawaida zinaota kutu hata mwaka haujaisha. Alitumia boliti za stenlesi, akaweka washa za mpira kila alipotoboa bati letu la msauzi, na masika yamepita bila tone kuvuja darini. Paneli alizielekeza kaskazini kwa mlalo mdogo. Dar tupo kusini ya Ikweta kwa nyuzi karibu saba, kwa hiyo jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, na mlalo ule unatosha kwa mvua kuosha vumbi. Akachimbia fimbo ya ethi na kufunga kinga ya radi, vitu ambavyo kwenye karatasi ya ile kampuni ya kwanza havikuwemo kabisa, nilipouliza nikaambiwa ni gharama ya ziada. Betri iko ndani, chumba cha stoo chenye dirisha, mbali na jiko.

Sasa matokeo. Siku ya jua kali paneli zinanipa uniti nane hivi. Siku za masika, mawingu yakikaa kutwa, mbili au tatu, na hapo inveta inachukua ya TANESCO yenyewe bila mtu kugusa kitu. Pampu tunaiwasha mchana, pasi pia mchana. Uniti tunazonunua zimeshuka kutoka 240 hadi 80 kwa mwezi, yaani naokoa uniti 160, shilingi 57,000 hivi. Gawanya 6,550,000 kwa 57,000: miezi 115, zaidi ya miaka tisa, na hapo sijaweka riba ya SACCOS. Ninaweka hesabu hii wazi kwa sababu nimesikia wauzaji wakiahidi miaka mitatu. Kwa bei ya umeme tunayolipa Dar, na mzigo wenye betri kama wangu, miaka mitatu haipo. Ukifunga bila betri, kwa mtu anayetumia umeme mwingi mchana, kama mwenye duka la vinywaji baridi au cherehani nyingi, muda unapungua sana, maana karibu nusu ya gharama yangu ni betri. Ila umeme ukikatika, bila betri unakaa gizani na wenzako.

Mimi nilichonunua ni friza isiyozima, na kwa hilo naipa mtambo huu alama zote. Juzi kati transfoma yetu ilikufa, mtaa mzima ukakaa bila umeme usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Tulizima feni za sebuleni na televisheni, tukaacha friji, friza na taa mbili. Alfajiri betri ilikuwa imebaki robo, saa nne asubuhi ilishaanza kupanda. Jirani zangu wawili walileta nyama zao kwenye friza langu, na dada wa nyumba ya tatu alileta insulini ya mama yake tukaiweka kwenye friji, mlangoni, mbali na barafu. Biashara ya samaki nayo imekua, kwa sababu sasa naweza kwenda soko la samaki la Feri siku bei ikiwa chini na kujaza bila hofu. Faida ya samaki ndiyo inayolipa zaidi ya nusu ya marejesho yangu ya mwezi, LUKU niliyookoa inaongezea, kinachobaki kinatoka kwenye mshahara na kinabebeka.

Marejesho ya SACCOS yanaisha mwakani. Fundi ameshapiga hesabu ya volti na anasema inveta inaweza kupokea paneli mbili zaidi bila kubadilisha chochote, kwa hiyo nikimaliza deni nitanunua hizo mbili kwa akiba, taslimu, pale pale duka la kwanza lililokubali tepu. Betri ya pili ni milioni tatu nyingine, na kwa matumizi yetu ya sasa sioni kazi yake.